Sauti Yangu Imo Ndani ya Sanduku

Ngaramtoni, Arusha
Jumapili mchana

Shikamoo mama,

Kabla hujaendelea, vaa miwani na ukae chini. Usisome umesimama mlangoni kama ulivyosoma ile barua ya uhamisho wangu ukaunguza mboga. Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila kifua kinanibana kwa baridi ya huku. Mwezi huu wote mlima Meru umejifunika mawingu. Tunaambiwa upo, nasi tunaamini. Goti lako vipi? Mikorosho ya bondeni imeanza kutoa maua? Na baba mdogo ameshapuliza salfa, au bado anangoja mashine ya jirani kama kila mwaka?

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimeogopa. Kwenye simu nikianza tu kusema, wewe unalia, na ukilia salio linaisha tukiwa hatujafika popote. Haya ninayotaka kukuambia ni marefu, na sijui mwisho wake.

Unakumbuka nilikuambia nimepewa klabu ya roboti hapa shuleni. Uliniuliza roboti ni mnyama gani, nikacheka mpaka nikakohoa. Basi ni mashine inayojifanyia kazi bila kushikwa mkono, na letu tumelitengeneza kwa ajili ya mashindano ya wanafunzi yatakayofanyika Dar es Salaam. Mwenye wazo ni binti wa Kidato cha Tatu anayeitwa Naserian. Ni Mwarusha, analelewa na babu na bibi yake huko juu, nyuma ya soko. Asubuhi akinikuta huinamisha kichwa ili nimguse utosini, ndivyo watoto wa huku wanavyowaamkia wakubwa. Mimi mtu wa Newala, wiki za kwanza nilidhani ameangusha kitu, nikawa nainama namsaidia kutafuta.

Mwaka jana jioni moja mbuzi wa babu yake alibaki nje akaliwa na fisi, na aliyekuwa amesimama langoni siku hiyo ni Naserian. Hakuchapwa. Babu alikaa tu bila kusema naye, na yeye mwenyewe anasema heri angechapwa. Ndipo akawaza mashine ya kukaa kwenye lango la zizi. Kila mbuzi akipita, mashine inamwona kimyakimya. Wakitimia inawasha taa ya kijani na kufunga lango. Akikosekana hata mmoja inawasha nyekundu. Ndivyo alivyowaza, na mama, lilikuwa wazo zuri tangu siku ya kwanza.

Tulilijenga kwa furaha ambayo sijaiona tangu nianze kufundisha fizikia. Mwili tulichomelewa na fundi mageti wa Ngarenaro, magurudumu yalitoka kwenye kiti kilichovunjika cha mkuu wa shule, na jicho lake pamoja na mota tulipewa na waandaaji. Kwa kuwa hatuwezi kupeleka mbuzi wazima Dar, Naserian alikata mbuzi wa maboksi, akawapaka rangi na kuwabandika kwenye mkanda unaozunguka. Mwenye doa jichoni, mwenye sikio lililochanika, mweusi mwenye soksi nyeupe. Nilimsifia kwa ubunifu. Kumbe hakuwa anabuni, alikuwa anawachora mbuzi wa babu yake.

Sasa nifike kwangu. Taa ilitosha, mimi ndiye niliyesema haitoshi. Bibi yake Naserian macho yamefifia, nikawaza, taa atazionaje? Afadhali mashine iseme. Tena mashine inayosema inapata alama za ziada. Nikafunga milango ya darasa, nikajirekodi kwenye simu nikitaja namba moja baada ya nyingine kwa ile sauti yangu ya mstarini. Naserian akaniuliza, “Madam, lazima liseme?” Nikamjibu lazima, ili bibi yako asikie. Akanyamaza. Huku mtoto akinyamaza mbele ya mwalimu hajakubali, amekuheshimu tu, lakini mimi nilihesabu kwamba amekubali na nikaendelea na kazi.

Siku ya majaribio tulipanda nalo mpaka kwao. Babu alikuwa ameenda mnadani. Tukaliweka langoni, mbuzi wakaanza kuingia, na sauti yangu ikawa inawahesabu kwa nguvu mpaka ng'ambo ya korongo. Wachungaji wa jirani wakasimama kusikiliza. Alipoingia wa mwisho likataja jumla, ambayo hapa siiandiki, na utaona kwa nini. Wanafunzi wakapiga makofi. Bibi akajifunika mdomo kwa shuka lake, nikadhani anacheka.

Tukamaliza kabla ya shule zote. Unanijua, nilizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo sijajifunza kungoja. Shule nyingine walikuwa bado wanatafuta betri, sisi tumeshapeleka letu kwa waandaaji mjini. Utaratibu wao ni kwamba ukisema umemaliza, roboti linaingia kwenye sanduku pamoja na vifaa vyake vyote, linapigwa utepe, mwalimu anasaini juu ya utepe, na hakuna kuligusa tena. Siku ya mashindano jaji ndiye anayekata utepe na kuwasha, wenye roboti mmesimama nyuma ya mstari. Wanafanya hivyo kuzuia walimu wasiwamalizie watoto kazi. Nilisaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukazunguka kona ya sanduku. Mkuu wa shule akatununulia soda na kunipigia makofi mbele ya walimu wenzangu, nami nikajiona mtu.

Haikupita muda mbuzi wa yule babu wakaanza kukohoa na kufa. Naserian akaacha kuja klabu. Nilimuuliza Elibariki, mwenzake anayekaa naye dawati moja, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

“Kwani Madam hukujua? Huku mifugo haihesabiwi kwa mdomo, ni kuiita kifo. Hata watoto. Mzee anaangalia tu, anajua.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Naserian alisema haina shida, mashine haina mdomo.” Akakuna shingo. “Halafu Madam ukaipa.”

Nilipanda kwao Naserian jioni ileile. Babu alikuwa jikoni karibu na moto, amevaa koti kubwa na kofia ya sufu. Alinikaribisha vizuri, bibi akaniwekea bakuli la loshoro, mahindi yao ya maziwa ya mgando, na wema wao ulinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma. Nikaomba radhi. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe,” akasema. “Daktari wa mifugo amekuja, amesema ni mapafu, ni hii baridi. Sawa, ni mapafu. Lakini baridi imekuja kila mwaka na hawakufa hivi.”

“Nifanye nini, mzee wangu?”

“Sasa huyu mtoto ameniambia mbuzi wangu wamo huko kwenye sanduku. Amewachora. Hiyo kitu itawataja tena mbele ya watu wa Dar?”

Nikasema ndiyo.

“Basi hawezi kwenda. Akisimama pale, ni kama amewatoa yeye wahesabiwe. Asiposimama, ni mambo yenu ya shule.” Akasukuma kuni ndani. “Inyamazishe. Ikinyamaza, mtoto aende hata kesho. Mimi sikatai yeye kusoma.”

Mama, nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Kunyamazisha ni kuchomoa waya mmoja, mwekundu, wa spika. Hata wewe ungeweza kuuchomoa na miwani umeisahau ndani. Nikafungua mdomo kumwambia imekwisha hiyo, ndipo nikaliona sanduku kichwani mwangu, na ile saini yangu ya mbwembwe. Naserian alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, akaelewa kabla sijasema neno.

Kesho yake nilikwenda kwa waandaaji. Kijana wa mapokezi ni mstaarabu kweli, akanipa kiti. Nikamweleza yote, na fisi, na babu, na waya. Akaguna kwa huruma. “Madam, ambao hawajamaliza wanaruhusiwa kubadilisha chochote. Nyie mmeshamaliza.” Nikamwambia basi andika kwamba hatujamaliza. Akacheka, akidhani natania. Nikaomba angalau nilione. Limo kwenye stoo yenye dirisha la wavu, lipo peke yake, maana hakuna mwingine aliyewahi kama sisi. Nilisimama pale nimeshika wavu. Umbali ule ningeweza kulitupia embe likalipata.

Nikamrudia mkuu wa shule nikamwambia tulitoe kwenye mashindano. Akasema fulana zimeshachapishwa, na wanafunzi wengine wamekosa nini? Hakukosea. Elibariki na wenzake walivimba vidole kwa kuchomelea nyaya, nitawaambia nini? Nikitoa roboti nawaumiza hao, nikiliacha namuumiza yule. Nimegeuza jambo hili kila upande, mama. Nimeshindwa. Mimi niliyekuwa nasahihisha daftari za darasa zima kabla chai haijapoa, sasa sina cha kufanya, na siku haziendi.

Juzi nilipita nyuma ya maabara nikasikia sauti. Alikuwa Naserian, amemkalisha Elibariki juu ya ndoo, anamfundisha maneno ya kuwajibu majaji. Maana majaji humuuliza mwenye wazo, alipataje wazo lake.

“Usiseme ‘mwenzetu’,” alikuwa anamwambia. “Sema ‘mimi’. Mimi ndiye niliyekuwa langoni. Mimi ndiye babu hakusema na mimi.”

“Si kweli lakini,” Elibariki akasema.

“Sema tu. Watu wa Dar watajuaje?”

Kijana akajaribu. Alifika kwenye “mimi” akakwama, akaanza tena, akakwama palepale, mwishowe akainuka akaondoka na kuipiga ile ndoo teke. Naserian akabaki. Aliponiona akainamisha kichwa kama kawaida, nami nikauacha mkono wangu juu ya kichwa chake muda mrefu kuliko inavyopasa. Nililia, mama. Nililia mbele ya mwanafunzi, na akanivumilia.

Nikamwambia nitakwenda tena kwa babu, nitapiga magoti. Akatikisa kichwa. “Babu hajakasirika, Madam. Ameshasema.” Kisha akanieleza ombi lake moja. “Siku hiyo likianza kuongea, Madam piga makofi. Piga kwa nguvu, na wengine wapige, namba zisisikike. Watadhani mnashangilia.”

Nimemuahidi. Ndiyo ahadi pekee iliyobaki mikononi mwangu.

Tangu siku hiyo nakuwaza wewe. Tulipokuwa wadogo watu wakikuuliza una watoto wangapi ulikuwa unajibu, “Wapo,” ukabadilisha mazungumzo. Nilikuwa naona aibu, nikadhani mama yangu hajui kuhesabu, mpaka siku moja nikakujibia mimi kwa sauti, mbele ya wageni, nikawataja na waliotangulia mbele ya haki. Hukunigombeza. Uliingia ndani. Nimefika mpaka chini ya Meru, kwa watu ambao lugha yao siijui, ndipo nikaelewa ulikwenda kufanya nini huko ndani.

Unisalimie baba mdogo, mwambie salfa haimngoji mtu. Nisalimie shangazi mfuma mikeka, mwambie ule aliosema utanipa joto umenipa kikohozi tu. Kaka wa Masasi akipita na lori, mwambie dada yake hajamsahau hata kama yeye kanisahau. Na wadogo zangu wote pamoja na watoto wao, wasalimie. Wapo.

Wewe mwenye kigelegele cha kuamsha mtaa, natamani ungekuwepo ukumbini siku hiyo. Mimi nitapiga makofi mpaka viganja viwake moto, nimemuahidi mtoto wa watu. Lakini mama, sauti itakayokuwa inahesabu ni yangu, ile uliyonizaa nayo, na nilipoirekodi niliipaza makusudi ili kila namba isikike mpaka dawati la mwisho.

Niombee.

Mwanao aliyewahi,
Zuhura