Chui wa Upande wa Milima

Baba,

Leo nimefagia uwanja mara mbili, nimekwenda Kalundu na kurudi bila kununua hata samaki. Siwezi kutulia. Kuna jambo ninalowaficha watu wote hapa Songo, lakini wewe siwezi kukuficha.

Ni kile kioo cha shaba alichokuachia fundi Mchina wa barabara, ulipomchomelea mashine yake. Kioo gani hakionyeshi uso, nilikuwa nakutania. Wewe ulipenda mgongo wake: kobe aliyezungukwa na nyoka ulimwelekeza Luvungi, kaskazini, ndege kusini, joka ng'ambo ya ziwa, na chui wa milia huku kwenye milima. Mchina alikwambia kila mnyama analinda upande wake wa dunia. Macho ya Mama yalipozima, ulimfundisha kuwasoma kwa kidole. Kila asubuhi humgusa chui, akawasalimia dada zake wa milimani, ambako miguu haimfikishi tena.

Kabla ya kuondoa matanga tuliosha vitu vyako vyote. Niliona aibu jamaa wakikute kioo kimejaa ukijani. Nikachukua mashine yako, nikatia brosi ya waya, nikakisugua kama ulivyonifundisha kusugua chuma kabla ya kuchomelea. Na ulishanikataza, Baba! "Weye, usisugue! Ile si kutu, njo myaka yake," yaani ndio umri wake. Nilikumbuka nimeshamaliza. Chui alikuwa amelika tangu zamani; brosi ikaondoa kilichobaki. Pale sasa ni laini kama mgongo wa kijiko.

Kesho yake nikafanya baya zaidi. Nilikizungusha kioo, nikaweka kidole cha Mama juu ya joka. Akasalimia. Wiki tatu sasa nafanya hivyo, na kila akitaja majina ya dada zake natamani ardhi inimeze.

Jana kidole chake kilikaa pale muda mrefu. Akasema polepole, "Huyu iko na pembe." Nikakiacha kidole palepale, mjinga mimi. Aliwasalimia dada zake mmoja mmoja, halafu akaongeza jina langu, kana kwamba nami niko mbali.

Kesho nitamwambia, kabla hajanyoosha mkono. Chui siwezi kumrudisha. Mama nitampandisha milimani mwenyewe, kwa pikipiki hadi inapokwama, kisha mgongoni mwangu. Pumzika, Baba. Hili nitalifanya.

Binti yako