Katuni ya Kumsuka Aber

Jumapili. Mvua ilianza hapa Kansanga, Kampala, kabla ya misa na bado inapiga mabati. Nimekaa kitandani na nguo zangu za kanisani, sina hamu ya kuzivua wala ya kula.

Ngoja niandike, labda nitapumua.

Mwanangu Aber anaishi kijijini huko Gulu, kwa baba yake. Tulipoachana, wazee wao walisema neno moja tu: ng'ombe walishafika kwa wajomba zako. Basi. Mahari ikishatolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba; hilo hata sisi Wakongo tunalijua, sikuwa na la kubisha. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno. Siku hizi, Jumapili wakiwa mjini, nikipiga simu ya video akauona uso wangu, anakimbilia nje. Lakini wifi yangu, dada wa baba yake, aliniambia kwamba akiwekewa katuni anatulia mpaka chakula kinapoa.

Nikajisemea: kama ni katuni anayoitaka, nitaingia humo humo.

Nina kompyuta ya mezani iliyochoka, ukiiwasha inanguruma, na programu ya bure ya kuunganisha picha. Kazi yenyewe haina siri. Unapiga picha, unamsogeza mwanasesere kidogo sana, unapiga nyingine. Kompyuta ikizipitisha harakaharaka, unaona anatembea. Simu niliifunga kwa mpira juu ya makopo ya maziwa ili isitikisike. Wanasesere niliwatengeneza kwa maganda makavu ya mgomba, wenyewe hapa huyaita byayi. Mama mmoja, mtoto mmoja. Mtoto ameketi chini, katikati ya magoti ya mama, anasukwa nywele. Mimi ni msusi, mtaa wa Kabalagala mzima unaijua mikono yangu, na nywele za Aber za kwanza nilizisuka mimi. Niliamini akiona vile, kitu fulani kitamrudia.

Kosa langu ni la kijinga. Jirani yangu Nalongo, mama wa mapacha, ni mfumaji wa mikeka, na yeye ndiye aliyenifundisha kuyalowesha maganda yasivunjike. Kwenye mkeka hakuna tatizo, unakauka wote pamoja na mambo yanaisha. Mimi kila nikitaka kukunja mkono wa mama nalowesha, maji yanamdondokea na mtoto, halafu umeme unakatika. Nasubiri urudi, na huku maganda yanakauka polepole, yanajikunja yenyewe. Kwa macho huoni kitu. Kila siku ya mapumziko nilipoketi kuendelea, nilimwona mtoto amekaa pale pale, mzuri kabisa.

Leo nilipotoka misa nikaichezesha yote kwa mara ya kwanza.

Mwanga unachezacheza, hilo nililitegemea, mawingu ya Kampala hayana adabu. Lakini mtoto! Anainama mbele, kidogo kidogo, anachomoka magotini, kichwa kinatoka mikononi mwa mama. Na mama hana habari. Anaendelea kusuka hewa.

Sikumsogeza mimi. Naapa sikumsogeza.

Nilitaka kuifuta. Ila wifi hufika mjini na Aber Jumapili tu, ndiko anakopata mtandao, na nilishamwahidi kwamba leo nitatuma. Nikaongeza sauti yangu nikimwimbia Aber jina lake, nikaituma hivyo hivyo.

Wifi ana moyo mzuri. Amejibu kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi alikokulia: "Mama Aber, mtoto nafurahi sana! Naangalia mara mingi. Sasa iko nauliza, huyu muntu naimba ni nani? Mimi naambia yeye, hii ni mama yako. Yeye nacheka tu. Usisikie vibaya, dada. Watoto nasahau mbio." Halafu akamsukuma mtoto ashukuru, nikasikia sauti ndogo, safi, isiyo na wasiwasi wowote:

"Asante, anti."

Anti.

Nimeirudia mpaka simu ikapata moto. Amefundishwa adabu, amelelewa vizuri, siwezi kumlaumu mtu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Huko yupo mwanamke anayempikia, anayemwogesha, anayemsuka, na huyo ndiye anayeitwa mama kila siku. Mimi ni nani wa kumvuruga mtoto?

Nilirekodi: "Aber, ni mimi, mama." Nikaisikiliza, nikaifuta. Wifi ameshamwambia, na mtoto amecheka tu. Nikarekodi tena, nikaishia kwenye jina lake. Nikafuta hiyo nayo.

Mwishowe nimetuma fupi tu, kabla wifi hajatoka mjini: "Karibu, mwanangu."

Anti yeyote anaweza kusema hivyo.