Kivuko cha Babu Yako Siuzi

Nyamitaba, Masisi,
Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025

Mpendwa Callixte, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu za shangazi yako Dancille. Habari za huko Kanada? Mke wako Umwali hajambo? Na yule mtoto wenu ambaye bado sijambeba, ameota meno? Goti lililokuwa likikusumbua limepona? Mimi ni mzima. Mgongo hulalamika asubuhi, lakini nikishakunywa uji unanyamaza. Binti yangu Nadine ni mzima pia, na maharage ya msimu huu hayakuwa haba. Tumshukuru Mungu kwa hayo kabla sijaanza kukugombeza, maana leo nimekaa kitako ili nikugombeze.

Jumanne binamu yako Edmond aliniletea karatasi. Alisema wewe umeshakubali kwa simu kwamba kivuko cha babu yako kiuzwe kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na kwamba zinangojwa sahihi zetu mbili tu. Nilimuuliza mara tatu kama ni Callixte huyu huyu niliyemfundisha kusoma. Akasema ndiye. Niliudhika mpaka chakula kikaungua jikoni.

Najua kilichokutia hofu. Uliona ile picha katika WhatsApp ya ukoo: kibao kimesimama kando ya ziwa letu, kimeandikwa PARC, na wamama wamekizunguka na majembe. Ukadhani tumeshanyang'anywa, basi afadhali kuuza kivuko kabla hakijaenda bure. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Ungeniuliza kwanza, ungecheka.

Kibao kile ni cha Jean-de-Dieu, anayelinda mitumbwi yetu. Zamani aliosha magari Goma, na akilini mwake "parc" ni kifupi cha "parking". Akachukua rangi iliyobaki kanisani, akaandika PARC YA MITUMBU, yaani mitumbwi. Lakini ubao ulikuwa mfupi. PARC ikakaa juu kwa herufi kubwa kama za duka, na mitumbu ikabanwa chini kabisa, nyuma ya majani, hakuna aliyeiona.

Na neno hilo unajua lina uzito gani hapa kwetu. Huko kwenu parc ni mahali pa kwenda na watoto na mikate. Hapa mtu akitamka parc, yaani hifadhi ya wanyama, mwenye shamba anaanza kufikiri atabeba sufuria ngapi. Jua halijapanda vizuri, Mama Nyiransabimana, jirani yetu wa mgombani, alikuwa ameshafika na wenzake.

"Parc ya nani?" alipiga kelele. "Miye nilizaliwa pahali walisema parc, tukatoka na sufuria ku kichwa! Hapa sitoke!"

"Mama, hapana parc ya nyama," Jean-de-Dieu alijitetea. "Iko parc ya mitumbu. Ni kama parking!"

"Kama iko parking, motokari iko wapi?"

Mtu akapiga picha, kisha wamama wakaking'oa kibao na kukitupa majini. Siku hizi tumekiokota na kukipigilia miguu minne, ni benchi, na Mama Nyiransabimana ndiye anayependa kukikalia. Hakuna parc, Callixte. Hakuna aliyekuja kuchukua chochote ila huyo mnunuzi wako.

Sasa nikueleze kivuko hicho ni nini leo, maana wewe ulikiacha kikiwa mahali pa kuchota maji na kufulia. Tulipokimbia Bihambwe mimi na Nadine tukarudi hapa kwa baba, yule mtoto alifunga mdomo. Miezi minne hakutoka uani. Ukimwita anaitika "ndiyo", ukimpa chakula anasema "asante", basi. Nilisali, nilimpeleka kwa masista, nilimnyunyizia maji ya baraka. Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, Floribert alikuwa anajaribu mtumbwi wake mpya. Huyu ni fundi wa Walikale aliyeoa hapa parokiani. Nilimvuta Nadine mkono nikamketisha ndani ya mtumbwi. Sikumwomba ruhusa.

Floribert hupiga kasia akiwa amesimama, kama wafanyavyo kwao kwenye mto Lowa. Tulipofika kwenye kina, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Papa Floribert, ikala! Utatuangusha!"

"Mutu ya mutoni anasimamaka. Weye unaikala kama mufuko ya viazi."

"Mutu ya ziwa anaikala sababu iko na akili!"

Wakagombana hivyo mpaka tukarudi ufukoni, Nadine akimfundisha mzee wa watu namna ya kushika kasia ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulishika maishani mwake. Mimi katikati machozi yananitiririka na sikuyafuta. Nilifurahi, Callixte, nakuambia bila haya.

Tangu siku ile tunatoka kila Jumamosi. Tulianza na mtumbwi mmoja, leo iko saba. Wanakuja wamama waliotoka kambini Lushebere wanaoishi hapa kwa ndugu zao. Wanakuja hata wale wanaume waliokuwa wakisema kwamba mama wa nyumba hashiki kasia. Sasa wanapanga foleni kama kwenye bomba la maji.

Uliniandikia kwamba huko mna karatasi inayoonyesha mahali pa kupiga kasia msituni, kila mahali na namba yake, na mtu analipa tiketi kabla hajaona maji. Nilitazama picha yako ndani ya ile boti ya plastiki yenye rangi ya karoti. Umependeza, ingawa kasia umelishika kama mwiko wa bugali. Sisi hatuna namba. Tuna ghuba ya mafunjo, upepo haufiki, wanaoanza hujifunzia pale. Tuna Jiwe la Nguo, ambapo tunafunga mitumbwi na kuogelea. Na upande wa msitu kuna kijito kinachoingia ziwani chini ya mti ulioinama, inabidi ulale chali ndani ya mtumbwi ili upite. Kule ndani ni baridi hata saa sita mchana. Ndege weusi wenye shingo ndefu wanaanika mabawa, na sisi sote tunanyamaza bila kuambiwa. Floribert anasema kwao Walikale mto unapita chini ya miti namna hiyo siku nzima, na amekubali kutupeleka njia ikitulia.

Wako wanaotusema. Eti nchi inaungua na nyinyi mnafanya promenade, matembezi ya starehe. Katekista wetu alinisimamisha baada ya misa kunieleza hayo. Nilimjibu kwamba wenye bunduki wamekula mbuzi zangu, wamelala kitandani kwangu Bihambwe na kuugeuza mlango wangu kuni. Nikiwapa na Jumamosi yangu, nitabakiwa na nini? Usidhani sisi ni wapumbavu. Tukisikia milio mlimani tunabaki nyumbani. Pakitulia tunarudi majini, na hatumwombi mtu samahani.

Basi huyo mnunuzi alikuja mwenyewe Alhamisi na viatu vyake vyeupe. Atazungusha waya wa miiba kutoka mgombani mpaka Jiwe la Nguo, ajenge vijumba vya wageni wa kutoka mjini.

"Mama, bure muko na woga," aliniambia. "Siku ya sikukuu mutaingia. Tutaweka majina yenu ku liste."

Liste! Niingie katika maji ya baba yangu kwa kusomwa jina! Kisha akamgeukia Edmond na kumuuliza kwa nini sahihi ya mwanamke inahitajika, tena mwanamke aliyekwisha olewa. Edmond akatazama chini. Mimi nikaingia ndani, nikatoa ile barua ambayo baba yako Habineza, Mungu amrehemu, aliiandika mbele ya mashahidi: kivuko ni cha Callixte na cha Dancille, mmoja hauzi bila mwenzake. Niliisoma mara mbili, mara ya pili polepole, kama kwa watoto wa darasa la kwanza. Akaondoka. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha njia, sitakuficha kwamba viatu havikubaki vyeupe.

Sikulaumu kwa kukaa mbali, mwanangu. Ulikimbia kama tulivyokimbia sote, wewe miguu yako ilifika mbali zaidi. Lakini wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na sikukulea uwe mtumwa. Sahihi yangu hutaipata, si mwaka huu, si mwaka ambao nitakuwa kaburini.

Katika bahasha hii utaikuta ile karatasi. Kwenye mstari wangu nimeandika "Ninakataa", na jina langu lote. Mstari wako uko wazi. Usinipigie simu, simu hukatika na watu hutafuta visingizio. Andika kwa mkono wako, uirudishe kwa masista wa Goma. Ukikataa kama mimi, nitaisoma kivukoni Jumamosi mbele ya watu wote. Ukikubali kuuza, nitaisoma pale pale, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile, na jina lako lote.

Nisalimie Umwali, umbusu mtoto. Nadine anakusalimu sana. Floribert, ambaye hamjuani, anasema kasia lishike chini zaidi. Mama Nyiransabimana anauliza kama huko Kanada mna ardhi ya kutosha, na kama ndiyo maana unauza ya huku; usinijibu mimi, mjibu yeye.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuvushe salama katika maji yote ya huko, na akupe moyo mgumu mahali panapoutaka.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Shangazi Dancille