Kamba Iliyopima Mesa Pinta

Ranchi ya Mesa Pinta,
Kalifornia.
12 Machi, 1853.

Mpendwa Mjomba Saturnino,

Shikamoo. Anayekuandikia ndiye mpanda farasi hodari kuliko wote kutoka hapa mpaka huko kwenu Sonora, na farasi wenyewe wakiulizwa hawatabisha. Goti lako linaendeleaje? Na mkeo Brígida, bado anakuficha chupa? Sisi tu wazima, ila Babu hasemi nami.

Uliuliza kama ni kweli Wamarekani, tangu watwae Kalifornia, wanadai hati. Ni kweli. Mwenye ranchi asipothibitisha mbele ya tume yao, ardhi inakuwa ya serikali. Hapa kwanza palikuwa pa wenyeji, ambao hadi leo wanatuchungia ng'ombe na hakuna anayewauliza hati. Wakaja mapadri wa misheni. Kisha, mwaka 1838, gavana wa Meksiko akampa Babu ardhi hii kwa utumishi wake jeshini.

Hati tunayo. Ramani pia, ingawa mto umechorwa kama mkia wa nguruwe. Tulikosa shahidi aliyekuwepo mpaka ulipopimwa. Unakumbuka 1839: wapanda farasi wawili na kamba ya ngozi, mmoja anasimika kigingi, mwenzake anatimua mbio mpaka kamba ikaze, halafu Babu anang'oa majani na kurusha mawe pande nne, ardhi ikawa yake. Mshika kamba mmoja ni marehemu. Wa pili ni wewe.

Mwezi uliopita, mbele ya tume kule San Francisco, wakili wetu alitaka kuomba muda tukuite. Mimi nilipelekwa kutunza farasi tu. Muda wa nini, na mimi nipo? Nikasimama, nikaapa kwamba kamba niliishika mimi.

"Kijana, una miaka mingapi?" mkubwa wa tume akauliza.

"Kumi na sita, bwana mkubwa."

"Kwa hiyo ulipima ardhi ukiwa na miaka miwili?"

"Mesa Pinta tunaanza mapema, bwana mkubwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Babu peke yake alitazama kofia yake.

Mama anakusalimu sana, na dada Perpetua pia. Tumepewa hadi Juni tukulete mbele ya tume. Njoo, Mungu akupitishe salama jangwani.

Nimeandika kama vile tulicheka yakaisha. Hayakuisha, Mjomba. Wameandika kwamba familia yetu ilileta shahidi wa uongo, na maneno ya Babu, ya kweli yote, wameyatupa pamoja na yangu. Wakili hajui kama hata wewe utaaminiwa. Tukihamishwa hapa, usiwalaumu Wamarekani peke yao. Ni mdomo wangu.

Mpwa wako akupendaye, hata ukikasirika,
Eleuterio