Saini Kwenye Akiba ya Rehema

Alhamisi, mwezi wa nane. Unyambwa.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa baridi unaoingiza vumbi mpaka kwenye kopo la chumvi. Watoto wamekula. Nimechoka, lakini nisipoandika leo sitalala, na kesho natakiwa kuwa mzima.

Niseme kwanza ninachoogopa. Rehema, binti yangu wa kwanza, ana nyama za puani. Daktari alisema zimekua, zinaziba njia ya hewa, zitolewe. Mchana akilala namwangalia kifua kinavyopanda na kushuka, halafu kinasimama. Kinasimama tu, kama mtu aliyekatisha maneno. Namgusa bega, anavuta pumzi kwa kelele, anageukia ukutani. Yeye hajui chochote. Mimi ndiye ninayejua, na kujua kunanimaliza.

Hela ya operesheni ilikuwepo.

Ilikuwa kwenye akaunti yake ya mtoto, katika taasisi moja ndogo ya fedha pale mjini. Tangu yuko mchanga, kila nikiuza kuku wa kienyeji kwa wanaopeleka Dodoma, nilikuwa napita pale naacha kidogo. Dada aliyenifungulia alinisifia sana hiyo akaunti. Faida ya akiba ya mtoto haikatwi kodi, aliniambia, yote inabaki kwake. Nilirudi nyumbani najiona mjanja. Baba Rehema alitaka hela hiyo tununulie mbuzi. Nikamwambia mbuzi anaugua, benki haiugui.

Iliugua. Siku moja nimefika na hela ya kuku nimeifunga kwenye kanga, nakuta mlango una mnyororo na tangazo limebandikwa. Imefilisika, serikali imeweka mfilisi wa kushughulikia mali yake na madai yetu, tusubiri kuitwa.

Baba Rehema yuko Manyoni na malori ya mazao. Hajanikumbusha mbuzi hata mara moja. Afadhali angenisema.

Aliyenisema ni Mama Zuena, jirani yangu wa ukuta mmoja. Alikuwa anapepeta uwele, wala hakuinua macho. "Hiyo ya kwako si haikukatwa kodi? Sasa serikali itaijuaje, mama? Watalipwa waliokatwa." Aliongea kwa upole, kama anatoa pole ya msiba. Najua Mama Zuena hajawahi kuwa na akaunti popote. Lakini maneno yake yaliniingia yakakaa. Nilikuwa nasonga ugali nayawaza. Nilijilaumu kwamba niliikimbia kodi ya shilingi chache, nikaenda kuificha hela ya mwanangu mahali ambapo hakuna wa kuiona.

Basi leo ndiyo nimeitwa kuhakikiwa. Ujumbe ulisema nije na kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Rehema nikamwacha kwa Mama Zuena, nikamwambia akilala asimwache peke yake. Jabiri, wa miezi mitano, nikambeba mgongoni.

Wametupanga kwenye viti vya plastiki ndani ya ukumbi wa kukodi. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja wa Ikungi, koti zito, mkulima wa alizeti. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama na mimi nimezikwa humo. Nikamwambia mtoto wangu ndiye aliyezikwa, mimi mfiwa tu. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilipofika mezani sikuweza kusubiri. Nikamuuliza dada aliyekuwa anahakiki lile la kodi. Alinitazama kama analisikia kila siku.

"Mama, kodi ni mambo ya faida. Hela uliyoweka ipo kwenye kumbukumbu kama ya mwingine yeyote."

Nikamfunga Jabiri vizuri mgongoni. Nikadhani nimemaliza.

Akanipa karatasi nisaini mara tatu. Nikasaini. Akatazama kompyuta, akatazama karatasi, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniambia saini yangu ya leo imenyooka, ile niliyoweka kwenye kadi siku ya kufungua akaunti inapanda juu na mkia wake umekatika. Nirudie tena. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuandika vizuri, kama naandikia mwalimu wa darasa la nne.

Mzee nyuma yangu hakuvumilia. "Ndiyo maana mimi nilitia dole gumba, binti. Dole halisahau sura yake."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Yule dada hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba saini ikikataa, jalada linawekwa pembeni, naenda mahakamani kula kiapo, halafu nasubiri awamu ya pili. Awamu ya pili ni lini, hajaambiwa. Akaanza kukusanya karatasi zangu. Nikaona kifua cha Rehema kimesimama.

Hapo Jabiri akalia. Nikamshusha mgongoni, nikamfunika kanga, nikampa ziwa. Nilipomlaza kwenye mkono wa kushoto ndipo ikanijia. Siku ile ya kufungua akaunti Rehema alikuwa wa umri huu huu, na alilia pale kaunta vilevile. Nilisaini nikinyonyesha. Mkono wa kushoto umembeba, kadi haina wa kuishika, inateleza juu ya kioo cha kaunta na mimi naifukuza na kalamu. Saini itaachaje kupanda?

Nikamwambia yule dada hivyo hivyo ilivyokuwa. Akasita. Akasema utaratibu hausemi chochote kuhusu kunyonyesha.

"Wala haukatazi," nikamwambia. "Nipe karatasi nyingine. Usiishike, na mimi sitaishika."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Watu wakageuka kutazama. Mzee wa Ikungi aligeukia ukuta kwa heshima, akasema akiwa kule kule, "Mpe, mwanangu."

Nikasaini. Karatasi ikateleza, kalamu ikaifuata, Jabiri akavuta kwa nguvu mstari ukakatika. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, bila kujitahidi chochote.

Yule dada aliziweka kando ya kompyuta, akalinganisha. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mkia umekatika palepale."

Alizipeleka karatasi kwa mkubwa wake kwenye meza ya ndani. Wakaongea, mkubwa akachungulia kuniona, wakaongea tena. Alirudi na muhuri. Kwa hapa imepita, alisema, ila jalada linaenda juu kwa mfilisi, na huko wakilirudisha nitapigiwa simu. Wasiporudisha, ujumbe wa malipo utakuja. Sikuuliza lini. Niliogopa atasema hajaambiwa.

Nimerudi nikamweleza Mama Zuena lile la kodi. Akasema, haya, tutaona. Ila alikuwa amekaa kando ya Rehema muda wote, mkono juu ya mgongo wake, uwele haujapepetwa. Nikauchukua ungo nikampepetea.

Jioni nimempigia Baba Rehema. Nimemwambia sisubiri ujumbe wa mtu. Kifua cha mtoto hakijui habari za mfilisi. Kesho naenda hospitali ya mkoa kuomba tarehe na kuomba nilipe kidogo kidogo. Kuku waliobaki nauza wote, hata yule jogoo. Ameniuliza kama mtoto amelala, nikasema amelala. Halafu akasema, "Uza na baiskeli yangu."

Nimelia baada ya kukata simu.

Naogopa kuulizwa kwenye dirisha la malipo kama nina hela. Naogopa wakinipa tarehe ya mbali, na wakinipa ya karibu naogopa pia, maana watamlaza mwanangu na mimi nitabaki mlangoni. Naogopa simu kutoka huko juu. Nimekunja gauni lake la maua nimeliweka kwenye kiti, na cheti chake juu yake.

Kesho nitaogopa nikiwa njiani.