Wimbo wa Jembe Katikati ya Mto

Mama Yohana, shikamoo.

Najua marahaba yako siisikii tena, lakini wewe ndiye uliyenifundisha ukunga, siwezi kuanza bila kukuamkia. Tangu tukuzike, wajawazito wa hapa machimboni wananijia mimi. Wengine wananitazama mikono kwanza, kisha usoni, halafu wanaguna. Siwalaumu. Hata mimi nakutafuta wewe.

Sasa sikia. Masika haya Tereza, yule Mkatoliki anayekaa karibu na kisima, alishikwa na uchungu. Nikampapasa kama ulivyonionyesha: mtoto amekingama. Ulikuwa ukisema, "Wa namna hiyo usimguse, mpeleke hospitali, upesi." Lakini hospitali iko ng'ambo, na mto ulikuwa umefurika hadi kwenye majaruba ya mpunga.

Nikapiga yowe. Mama, walikuja wote! Wakatoliki, na sisi Waprotestanti, watu ambao unajua hata salamu tulikuwa tukipeana shingo upande. Wachimbaji wakafunga mapipa matupu kwa kamba zao za shimoni, juu yake wakalaza mabenchi ya kanisa letu. Lameki, mchunga ng'ombe, akajitosa na kamba kiunoni, kashika mkia wa dume lake, wakavuka. Wanaume wengine wakamfuata wakiishikilia kamba ile ile, ili wakatuvute kutoka ng'ambo. Tereza tukamlaza juu ya mabenchi, nami nikapanda kumshika.

Basi wakaanza kuvuta. Waprotestanti wetu wakaanzisha wimbo wao wa kanisani, Wakatoliki wakaanzisha wa kwao. Kila kundi likavuta kwa mapigo yake, mapipa yakayumba, maji yakatupanda hadi magotini. Tereza akalia. Nikajua tunakufa, tena tunakufa kwa nyimbo za dini!

Ndipo Katekista Petro wa Wakatoliki, ndiyo, huyo huyo aliyewakemea watu kwa nyimbo za kulimia akiziita za kipagani, akapaza sauti kwa Kisukuma. Akaimba ule wimbo wa jembe waliouimba baba zetu mashambani. Kila mtu aliujua. Wakaitikia wote kwa pamoja, na kamba ikakazika.

Mama, mwili ulinisisimka. Maji sikuyaogopa tena. Niliogopa kama mtu aliyejikuta mahali patakatifu na viatu miguuni. Mwenye kamba alileta kamba, mwenye ng'ombe ng'ombe, mwenye sauti sauti, na mimi nilikuwa na mikono hii uliyoifundisha. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angetosha. Mungu alikuwa pale mtoni, nakuambia, na sijui kulieleza jambo hili vizuri zaidi.

Tulifika ng'ambo, wakambeba hadi hospitali, na madaktari wakamzalisha. Tereza yu hai, na mwanawe wa kiume yu hai. Siku ya ubatizo Petro alikuja mwenyewe kunialika, nikaingia kanisani kwao kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sitakudanganya, hatujawa kanisa moja. Wazee wetu wengine walininunia kwa kwenda kule, na Jumapili kila mtu bado anashika njia yake. Ila salamu sasa zinatoka moyoni.

Nakulilia bado, hasa nikinawa mikono baada ya kuzalisha. Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, yeyote atakayenihitaji nitakwenda, sitauliza anasali wapi. Na siku nitakayoshindwa peke yangu sitaona haya, nitawaita wote. Sasa najua watakuja.

Mwanao wa kazi,
Rebeka