Mdogo Wangu Anaimba Kama Aliyefiwa

Shangazi Sirad mpendwa,

Nakuandikia mtoto akiwa amelala kifuani pangu, mkono mmoja tu ndio unaoandika, kwa hiyo univumilie maneno yakipishana. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana kuna jambo nimelikubali la siku hiyo na sijui kama ni la kumwokoa mtu au la kumtupa.

Sisi ni watu wa Bukavu, tunakaa Bordesley Green, hapa Birmingham, mimi na mume wangu Ignace na mtoto wetu Néhémie ambaye meno ndiyo kwanza yanatoka, na mdogo wangu Orpha wa miaka ishirini, ambaye nimemlea mimi tangu tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Mama yetu alibaki nyuma. Alifariki mwaka jana, tukaangalia maziko kwenye simu, picha inakatika, inarudi, inakatika, na siku ile ile Orpha alikuwa na mtihani chuoni, akavaa koti akaenda, akarudi, akala, akalala. Kilio hatukuweka, kwa sababu mimi nilikuwa nimetoka kujifungua kwa kupasuliwa na nyumba ilikuwa haina hata viti vya kukalisha watu. Maisha yakaendelea.

Orpha ana sauti. Kanisani ndiye anayepandisha nyimbo, ile sauti ya juu kabisa wanayoiita soprano. Chuoni akakutana na mwalimu anaitwa Rajni, Mhindi wa hapa hapa Birmingham, anapiga kinanda cha zamani ambacho ukikisikia ni kama mtu anadonoa nyuzi kwa kucha, akamwambia njoo nikufundishe, na hamdai kitu. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka, Shangazi, kwa sababu katika nchi hii hata choo cha stesheni unaweza kulipia, sasa huyu mwanamke anataka nini kwa mdogo wangu? Na Jumamosi hii Orpha ataimba mbele za watu, Northfield, tena ndani ya kanisa, yeye mbele na wapiga vyombo nyuma yake, nyimbo za opera za Ulaya za miaka kama mia tatu iliyopita, wanaziita za baroki, na vyombo vyenyewe ni vya namna ile ile ya zamani.

Mazoezi anafanyia chumba cha juu. Kuna wimbo mmoja ndio umetuletea haya yote. Unaanza polepole, sauti inashuka ngazi kwa ngazi, halafu inapanda mpaka unahisi shingo yako inakaza, na akifika mwisho unasema haya, umekwisha, kumbe anarudi mwanzo, maneno yale yale, safari hii anaivunja sauti, anaitetemesha, anaongeza mapambo, anasema nyimbo hizo ndivyo zinavyotaka. Lakini kwetu mtu anayerudia maneno yale yale kwa sauti ya kupanda na kushuka ni mmoja tu, ni aliyefiwa.

Wiki iliyopita nilitoka kidogo na mtoto kununua nepi. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na jirani ni Mama Jeanne, mkubwa wa kikundi chetu cha maombi, ana ufunguo wetu wa akiba. Kurudi, nakuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani, sofa limesukumwa ukutani, mikeka chini, wamama wa kanisa wamefunga vitambaa, na kwenye jiko langu kuna sufuria ya majani ya sombe na nyingine ya ugali wa fufu ambazo sikupika mimi. Mama Jeanne akanikumbatia.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Nani amekufa?"

Nikasema, "Nani amekufa?"

"Ndiyo ninakuuliza weye."

Mwingine kule nyuma akasema, "Masikini, hajui bado! Mketisheni!"

Nikaketishwa, nikanyang'anywa mtoto, nikavuliwa viatu, nikajua ni Ignace, nikapiga yowe, na wote wakaitika. Ndiyo Orpha akashuka ngazi, vile vya kusikilizia muziki viko masikioni, anashangaa. "Dada, kuna party?"

Tulicheka, Shangazi. Tulicheka mpaka machozi, tukaanza kula kile chakula cha kilio, na ingeishia pale. Lakini Mama Jeanne hakucheka. Akamuuliza Orpha, "Huo wimbo wako unasema nini?"

Na Orpha, ambaye husema ukweli bila kuangalia amekaa na nani, akasema ni malkia mmoja mchawi, mpenzi wake amekufa vitani, anaita mizimu imrudishe.

Mama Jeanne akaweka sahani yake chini.

"Mchawi?"

"Ndiyo, lakini ni story tu, mama. Na mizimu yenyewe haiji."

"Na unaiita weye, ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga?"

"Siyo mimi. Ni yule wa kwenye wimbo."

"Na yule wa kwenye wimbo anatumia kinywa cha nani?"

Orpha akacheka kidogo, akatoa simu awaonyeshe picha za vyombo, nadhani alitaka kubadilisha mazungumzo, akasema tazameni, nyuzi za hizi violini zimetengenezwa na utumbo wa kondoo. Utumbo wa kondoo! Mama Jeanne akasimama, akafunga kitambaa chake upya, akatoka bila kuaga.

Tangu siku ile wananinong'oneza. Ni kweli Néhémie halali vizuri tangu Orpha aanze mazoezi hayo. Ni kweli pia kwamba Orpha akiimba, mtoto ananyamaza ghafla, anatumbua macho kwenye dari, kule sauti inakotoka, na Mama Jeanne anasema huko kunyamaza ndiko kubaya zaidi, mtoto ameshafungwa. Mimi nilikuwa nabisha. Lakini nikaanza kuangalia. Siku hizi Orpha anafunga mlango akiimba. Na kila anapomaliza ule wimbo anatoka macho mekundu, nikimuuliza anasema ni kuimba tu, dada. Nimeimba kwaya tangu utoto, macho ya kuimba hayawi vile. Ignace anasema, "Huo ni muziki, acha watu," lakini yeye anafanya kazi ya ghala, akirudi ni usingizi, haoni ninayoyaona.

Sasa jambo lenyewe. Mama Jeanne na wenzake wanataka Ijumaa jioni nimpeleke Orpha kwenye nyumba moja ya maombi Perry Barr, akae mpaka Jumapili bila kula wala kunywa, wamwombee hilo pepo limtoke. Nisimwambie. Nimwambie tunaenda kwenye sherehe ya mtoto. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa kuwa nimechoka hata kubishana siwezi, na kwa kuwa nikikataa watasema hata mimi nimo kwenye uchawi huo. Na tangu niseme sawa, Orpha akiniletea chai ninaiangalia kwanza. Chai ya mdogo wangu niliyembeba mgongoni! Ninaichungulia, naona aibu, halafu namwaga.

Nampenda. Lakini na huyu aliyelala kifuani pangu nitamwacha nani amlinde? Nimpeleke akose Jumamosi yake, au nimwache aimbe, na mwanangu akipatwa na jambo nijilaumu mpaka kaburini? Usinijibu kwa upole. Nijibu kweli.

Mama Néhémie, Bordesley Green


SHANGAZI SIRAD ANAJIBU

Mama Néhémie, pole kwa uchovu. Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, maana Ijumaa haingoji mtu. Majina yenu nimeyabadilisha, sufuria nimeziacha. Umesema nisikujibu kwa upole, na umefanya vyema, kwa sababu upole wangu uliniishia nilipofika kwenye ile "sawa" yako.

Mtoto kwanza. Akilia, ni uchawi. Akinyamaza, ni uchawi. Sasa mtoto wa watu afanye nini, apige makofi? Mtoto anayeota meno halali, na mtoto yeyote akisikia sauti tamu huitazama inakotoka. Hata hivyo wewe ni mama na hofu yako siidharau: mpeleke kwa daktari wiki hii, aangaliwe masikio na fizi, na umwambie daktari kwamba wewe pia hulali.

Utumbo wa kondoo nao! Dada yangu, mimi ni Msomali wa Garissa, matumbo nimeyala tangu utotoni, na hakuna kilichowahi kunipanda isipokuwa kiungulia. Nyuzi za zamani zilitengenezwa hivyo kwa sababu kondoo walikuwepo. Basi.

Kuhusu mchawi wa kwenye wimbo. Mimi ni Mwislamu, lakini majirani zangu wamenialika kwenye maigizo ya Krismasi mara nyingi, na kila mwaka kuna kijana mmoja anakuwa Herode, anaamuru watoto wauawe, halafu tunampa keki. Kuna aliyempeleka Perry Barr? Anayeimba maneno ya mchawi anatumia kinywa chake, ndiyo, kama yule kijana alivyotumia chake.

Mwalimu wa bure, hapo sikucheki. Dada mkubwa ana haki ya kuuliza. Ila umemuuliza nani? Umeuliza jikoni, umejiuliza mwenyewe, umeniuliza mimi. Rajni hujamuuliza. Mtafute, muulize ana kwa ana, "Kwa nini mdogo wangu?" na umsikilize kwa yale masikio yako ya kwaya. Shaka isiyoulizwa mwenyewe huishia kumwaga chai ya mtu.

Sasa yale macho mekundu. Nakuamini. Hayo si macho ya kuimba, na hukukosea kushuku. Umekosea tu unachokishuku. Rudi kwenye barua yako, pale ulipopita mbio: mama yenu akazikwa kwenye simu, binti akavaa koti akaenda mtihani, maisha yakaendelea. Yaliendelea kwako, ulikuwa na kidonda cha kupasuliwa na mtoto wa kunyonyesha. Na kwake? Sasa mtu amempa wimbo wa mwanamke anayemwita aliyekufa, na aliyekufa haji, na wimbo unamruhusu arudie, na hakuna wa kumwambia nyamaza, una mtihani. Mama Jeanne alisikia mfiwa nyuma ya ukuta, na alisikia sawasawa. Alikosea pale alipoacha kuuliza nani amekufa, akaanza kuuliza nani mchawi. Mimi siishi kwenu, huenda nimekosea. Lakini kabla hujaamini neno la jirani au langu, muulize Orpha.

Na Ijumaa? Haendi. Kumpeleka mtu mahali kwa uongo, umnyime maji siku mbili, umzungukie na kumpigia kelele mpaka akiri jambo, hayo si maombi, hata uyatie jina takatifu namna gani. Hata upande wetu wapo wanaofungia watu ndani wakidai wanawasomea aya za kutoa pepo, na nimewaona waliotoka huko. Wengine hawakurudi kuwa walivyokuwa. Orpha ni mtu mzima. Mtu mzima huombewa akiomba.

Kwa hiyo leo, kabla hujaosha vyombo, mpigie simu Mama Jeanne. Mwambie, "Mama, nilikubali, sasa nimekataa. Orpha haendi." Usieleze. Anayeeleza sana anaacha mlango wazi. Halafu mwombe ufunguo wako, kwa heshima, umshukuru kwa ile sombe, kwa maana mtu anayekimbia na chakula akisikia kilio si mtu mbaya, ni mtu aliyepotea njia katikati ya safari nzuri. Mwamshe na Ignace. Amesema neno moja la maana akarudi kulala. Mwambie Ijumaa jioni anahitajika sebuleni, macho wazi. Mchungaji wenu mwelezeni nyote wawili, mchana, mkiwa mmekaa, msishangae mkikuta hata hajui. Na akija mtu yeyote kumchukua binti kwa nguvu, piga 999 uite polisi, usione haya ya kanisa wala ya kabila.

Watasema hata wewe umo? Waseme. Ulivuka mipaka na mdogo wako mgongoni, utashindwa na maneno ya mikekani?

Jumamosi nenda Northfield. Mbebe Néhémie, kaa karibu na mlango ili akilia utoke, akinyamaza mwache atazame. Na kilio cha mama yenu, wekeni, hata sasa. Hakiozi. Viti azimeni.

Limebaki moja, na ndilo zito, kwa hiyo usiliruke. Orpha atasikia kwamba ulisema sawa. Mambo ya wamama wengi hayakai kwenye sufuria yenye kifuniko. Asisikie kwa mtu. Leo, akikuletea chai, inywe mbele yake, halafu umwambie mwenyewe: walinitaka nikupeleke, nikakubali, nimekataa, nisamehe. Atakasirika. Pengine atapiga kelele kuliko anavyoimba. Usijitetee, usimtaje mtoto, usiutaje uchovu. Acha akasirike, mradi anakasirikia nyumbani kwako, na mlango umeufunga kwa ndani, na wewe uko ndani pamoja naye.